Nchi Inayotibu kwa Salamu

Iko nchi moja, jina lake tuliache, maana wenyewe wanalitaja vya kutosha redioni. Ni nchi yenye huruma. Huruma yake imeandikwa ukutani, imeandikwa kwenye magari ya serikali, imeandikwa hata kwenye ndoo za chooni kambini kwa rangi ya bluu: HURUMA KWANZA. Mtu akiingia huko amekimbia vita kwao, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni huruma, na cha pili ni foleni.

Na katika huruma zao zote, iliyowatoa kimasomaso mbele ya dunia ni ile ya watoto. Sheria ilipita bungeni kwa makofi ya dakika kumi na moja: mtoto yeyote wa mwomba hifadhi, akipatwa na dharura ya ugonjwa, atatibiwa papo hapo, bure, bila kuulizwa kabila wala karatasi. Wabunge walilia. Mmoja alilia mpaka akazirai, akatibiwa papo hapo, bure.

Basi pale kambini ikajengwa hospitali ya watoto, tena si hospitali ya mchezo. Vitanda ishirini vyenye mashuka yaliyonyooka. Mitungi ya oksijeni imesimama mstarini kama wanafunzi. Kabati la dawa limejaa mpaka mlango haufungi. Na daktari mmoja, Dakta Mbonde, aliyesomea vifua vya watoto miaka saba ughaibuni. Dakta Mbonde alikuwa na tuzo tatu ukutani kwa kutofiwa na mgonjwa hata mmoja. Hakufiwa na mgonjwa kwa sababu hakuwahi kupata mgonjwa. Kutwa alikuwa anacheza drafti peke yake, mkono wa kulia unapambana na wa kushoto, na huo wa kushoto ulikuwa unadanganya.

Utauliza, kwani watoto wa kambi ile hawaugui? Wanaugua, mwenzangu. Ila hawafiki. Kati ya foleni na mlango wa daktari palikuwa na Idara ya Salamu.

Idara hiyo ilibuniwa na mkurugenzi wa hospitali, Bwana Kasimiri Lupogo, mtu wa suti tatu na kalamu nne. Aliona kwamba kupima damu kunachukua saa nzima na kusikiliza kifua kunachukua dakika kumi, lakini kumjulia mtu hali ni sekunde nne. Na nani anaijua hali ya mtoto kumshinda mama yake? Basi aulizwe mama, tena aulizwe kwa upole. Akisema nzuri, ni nzuri, muhuri unagongwa, mtoto anarudi kwenye hema. Mwaka wa kwanza watoto mia katika kila mia waligundulika ni wazima. Nchi za nje zikaandika barua za pongezi, na Bwana Lupogo akaziwekea fremu.

* * *

Siku hiyo ya Jumanne, saa mbili asubuhi, Mwavita alikuwa wa nne kwenye foleni, na mgongoni alikuwa na binti yake Nabintu, wa miaka mitano. Tangu juzi mtoto alikuwa na homa. Tangu jana alikuwa halii. Sasa kila akivuta pumzi, ngozi ya chini ya mbavu inabonyea ndani kama shuka linalovutwa na mtu aliye upande wa pili, na pua zinatanuka. Mwavita alifika darasa la sita, kuhesabu anajua. Aliitazama saa ya ukutani pale getini akahesabu pumzi za mtoto. Mshale mwembamba ulipozunguka mara moja, pumzi zilikuwa hamsini na nane. Za kwake mwenyewe zilikuwa kumi na tisa, naye alikuwa amekimbia kuja.

Akatokea Bi Mashavu na fomu zake. Bi Mashavu alichaguliwa kwa uso, uso unaofanana na wa shangazi wa kila mtu.

"Mwanangu, habari za asubuhi?"

"Nzuri, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na huyu bibi harusi mgongoni, hajambo?"

"Hajambo, mama, ila tangu juzi hapu—"

Muhuri ukalia, paa!

"Asante, mwanangu. Kampumzishe mtoto."

"Mama, sijamaliza. Nilikuwa nasema, ila—"

"Fomu haina ila, mwanangu." Bi Mashavu akaigeuza fomu ili ionekane. Palikuwa na kisanduku kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ndani yake tayari pameandikwa HAJAMBO kwa mwandiko mzuri wa kulaza.

"Lakini mama, ile ni salamu tu! Mtu mzima akikuuliza habari, utamjibu nini?"

"Ndiyo maana tunauliza hivyo," alisema Bi Mashavu, akamshika bega kwa mapenzi. "Watu wa kwenu mna adabu sana. Mkurugenzi anawasifu kila kikao. Haya, anayefuata! Habari za asubuhi, dada?"

Anayefuata alikuwa Mama Ngolo, bibi mwenye miezi minane kambini na mjukuu mwenye kidonda cha mguu kilichoanza kutoa harufu. Alijibu nzuri kabla hajajizuia, akagongewa muhuri, akatema mate pembeni.

"Umeona, dada?" alimwambia Mwavita walipotoka kwenye mstari. "Huyu wako ndiyo kaponywa hivyo. Wajukuu zangu wameponywa hapa mara tisa. Mmoja aliponywa Alhamisi, tukamzika Ijumaa."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Nenda kwa mwenye suti. Hatakusaidia, lakini nenda, usije ukajilaumu."

* * *

Bwana Lupogo alimpokea kwa kusimama, maana huruma ni pamoja na kusimama. Kisha akakaa, yeye peke yake.

"Binti," alisema, "nimelisoma faili lako. Saa mbili na dakika tano umesema mtoto hajambo. Sasa ni saa tatu kasoro, unasema anakufa. Wewe ni mwomba hifadhi. Unajua hifadhi inasimama juu ya nini? Inasimama juu ya kuaminika! Ninyi mnakuja hapa hamna nyumba, hamna shamba, mtaji wenu ni kauli. Na kauli ikishakuwa mbili, mtaji umekwisha."

"Baba, nilikuwa namwitikia mama wa watu."

"Ulikuwa unatoa ushahidi." Akaifunua kalamu ya kwanza, akaona haifai, akaifunua ya pili. "Kwa moyo wa huruma nakuachia uchague mwenyewe. Mtoto akiwa mzima, faili lako linaendelea, na kikao chako cha hifadhi ni mwezi ujao. Mtoto akiwa mgonjwa, wewe ni mtu wa kauli mbili. Na mtu wa kauli mbili tutamwaminije hata kwenye hiyo vita anayosema ameikimbia?"

"Vita mliitangaza ninyi wenyewe redioni, baba."

"Redio ina kauli moja."

Mwavita akamshusha mtoto, akamweka juu ya meza kati ya fremu za pongezi, akampandisha gauni. Mbavu zikaonekana, zinaingia, zinatoka, zinaingia.

"Mwangalie tu, baba. Sisemi neno. Mwangalie."

Bwana Lupogo aliangalia dari. "Mimi si daktari."

"Basi aangalie daktari."

"Daktari anaona wagonjwa. Huyu ameandikwa mzima. Kweli unataka daktari pekee wa watoto wagonjwa katika wilaya nzima apoteze muda wake na watoto wazima? Huko si kukosa huruma kwa wengine?"

Kutoka ng'ambo ya ukuta wa hospitali, Dakta Mbonde alisikika akiugombeza mkono wake wa kushoto.

Mlangoni akachungulia Bi Mashavu. Saa tano, alisema, Mheshimiwa Waziri anakuja na wageni wa nchi saba kujifunza namna nchi hii inavyotibu. Zinahitajika familia za kukaa mstari wa mbele. Akamwona Nabintu juu ya meza, kimya, mikono imelegea.

"Huyu anafaa!" alisema. "Angalia alivyotulia. Wenzake wote wanalia."

* * *

Wakapangwa uani, Mwavita mstari wa mbele, na kwa kuwa mstari wa mbele lazima uwe na wazee, Mama Ngolo akawekwa karibu yake. Hatua ishirini mbele yao lilikuwa geti la hospitali. Ungeweza kuona mashuka kupitia dirisha.

"Sikiliza," alinong'ona Mama Ngolo. "Leo anasalimia Waziri mwenyewe, tena kwa maikrofoni. Hapo hakuna kisanduku. Akikuuliza habari, sema mbaya."

"Kwa Waziri? Mtu mzima vile?"

"Kwani mtu mzima hasikii? Haya, tujaribu. Mimi ndiye Waziri. Habari za mtoto?"

"Nzu—"

Mama Ngolo akamfinya paja. "Tena. Habari za mtoto?"

"Si... si nzuri sana."

"Uko bado kwenye kupamba! Tena. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mama, karibu."

"Karibu! Mtoto anakata roho, mwenyewe anakaribisha watu! Utawapikia na chai?"

Mwavita akacheka, na katika kucheka machozi yakamtoka, akayafuta kwa pindo la kanga lililomfunga mtoto. Hakuwa mkaidi. Ulimi wake ulilelewa na bibi yake, na bibi yake alikuwa mtu ambaye siku askari walipochoma ghala la mahindi, mpita njia akauliza habari za hapa, alijibu, "Nzuri, baba, majivu tu kidogo." Huyo ndiye aliyemfundisha kwamba shida zako usimmwagie mtu usoni, mpokee kwanza, mpe kiti, zitasemwa baadaye. Nyumbani kwao baadaye ilikuwepo. Hapa baadaye ilikuwa na muhuri.

Akahesabu tena. Sitini na sita. Na sasa kila pumzi ilikuja na kijisauti, kama mtu anayenyanyua mzigo.

* * *

Mheshimiwa Waziri Zebedayo Kirumbi alifika saa saba, maana saa tano ilikuwa ya wananchi. Nyuma yake wageni wa nchi saba na madaftari yao. Akapanda jukwaani.

"Wageni wetu!" alinguruma. "Mataifa mengine yanatibu watoto kwa sindano. Nauliza, sindano haiumi? Inauma! Sisi tukasema, mtoto huyu ameumizwa na vita, leo tena aumizwe na serikali? Hapana! Sisi tunatibu kwa upendo. Tunamuuliza mama. Na mama anajibu. Mwaka huu tumeponya watoto elfu nne kwa wino chupa mbili!"

Makofi. Wageni wakaandika: chupa mbili.

"Sasa mtashuhudia kwa macho yenu." Akashuka na maikrofoni, akapiga hatua za taratibu, kamera zikamfuata, akasimama mbele ya Mwavita na kuinama mpaka marashi yake yakamfikia mtoto. "Mama yangu mpendwa. Habari za mtoto?"

Mwavita akaona Bi Mashavu anamtabasamia. Akamwona Bwana Lupogo ameshika faili, kalamu ya tatu iko tayari. Ulimi ukajipanga wenyewe nyuma ya meno, kama miaka yote. Na hapo mgongoni kile kijisauti kikakatika. Akasubiri pumzi nyingine. Haikuja. Akajitikisa, mtoto akatikisika, ikaja.

"Mbaya," alisema.

Maikrofoni ikalipeleka neno mpaka mwisho wa kambi, likarudi.

Mheshimiwa akacheka kidogo kwa ajili ya kamera. "Mama anatutania. Nimesema, habari za mtoto?"

"Mbaya, baba. Mtoto wangu hapumui. Tangu asubuhi nawaambia."

Mgeni mmoja alimuuliza mkalimani neno lile maana yake nini. Mkalimani akasema hawezi kujua, halijawahi kutumika mbele ya kiongozi.

"Na mimi mbaya!" alipaza sauti Mama Ngolo, ameunyanyua mguu wa mjukuu wake ili wageni wapate harufu. "Mbaya, inanuka!"

"Mbaya!" akasema mama wa nyuma yao. "Wangu anaharisha damu, baba!" Na mwingine, na mwingine, wengine kwa aibu, wameinamisha macho kama watu wanaotukana kanisani, lakini wakasema.

Mheshimiwa Waziri akageuka bluu kama maandishi ya ndooni. Akamnyooshea kidole Bwana Lupogo. "Mkurugenzi, hii ni nini?"

"Ni... ni dharura, Mheshimiwa!"

Ndiyo, mwenzangu. Neno ambalo watoto elfu nne hawakulipata lilitoka lenyewe, bila fomu. Dharura! Watu wamekosa adabu mbele ya wageni! Bwana Lupogo akapiga simu, na katika dakika tisa tu gari la wagonjwa likaingia uani, king'ora kinalia, taa zinazunguka, vumbi juu. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, wakashuka walimu sita wa Maadili na Mapokezi, glavu nyeupe mikononi, wakawatawanyikia akina mama. "Tuseme wote," wakaanza, "nzu-ri!"

Mlango wa gari ulibaki wazi. Mwavita akauangalia. Hakumuaga mtu, na hilo nalo lilikuwa mara ya kwanza. Akapanda.

Dereva alikuwa mtu wa masharubu, shati nje. Yeye alikuwa wa gari tu, hakuwahi kupelekwa mafunzo ya Idara. Akageuza shingo.

"Mgonjwa nani?"

Mwavita alipigwa na butwaa. Hakuna aliyemuuliza hivyo tangu avuke mpaka.

"Huyu."

"Ana nini?"

"Hapumui vizuri. Kifua kinabonyea. Sasa hivi pumzi ilikatika."

"Shika hicho chuma," alisema dereva.

Askari wa geti alikuwa na amri moja tu kuhusu king'ora, nayo ni kufungua. Hatua ishirini, ambazo Mwavita alishindwa kuzitembea kwa muda wa saa tano, gari lilizimaliza kabla hajakaa sawasawa. Dakta Mbonde akatokea mlangoni na kete ya drafti mkononi. Akamwona mtoto. Kete ikadondoka.

"Mlete," alisema. "Mlete, mlete, mlete."

* * *

Ilikuwa nimonia, pande zote mbili. Dakta Mbonde alimvisha Nabintu kinyago cha oksijeni, akampiga sindano, mikono ikiikumbuka kazi yake polepole. Alimwambia Mwavita mambo mawili tu: kwamba wangechelewa mpaka jioni wangekuwa wanazungumza mengine, na kwamba sindano ni za siku tano, bila kukosa hata moja, vinginevyo inarudi na hasira. Kisha akatoka mbio kwenda uani kutafuta mtoto wa mguu, na ilibidi atafute katikati ya darasa.

Saa kumi na moja Mwavita alihesabu thelathini na nane. Midomo ya mtoto ilikuwa imerudiwa na rangi. Macho yalikuwa wazi, yanashangaa mashuka.

Ndipo akaingia Bwana Lupogo na faili, na kalamu ya nne. Dakta Mbonde alikuwa kitanda cha pili, anaosha kidonda.

"Binti," alisema mkurugenzi kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyetoka kufokewa, "Mheshimiwa amesamehe. Tumekubaliana kwamba maikrofoni ilikuwa mbovu. Kilichobaki ni kitanda hiki. Takwimu haziwezi kuwa na kitanda kilicholaliwa. Sema neno moja tu tufunge: mtoto hajambo? Sema hajambo, mrudi hemani, na kikao chako cha mwezi ujao kipo palepale, kama vile hapakutokea kitu."

"Mtoto haondoki siku tano," alisema Dakta Mbonde bila kugeuka.

"Hujaulizwa, Dakta. Anaulizwa mama."

Sasa hapa ndipo wengi mnapoangukia, akina mama wenzangu, hapa panapotokea nafuu. Mwavita alimtazama mtoto wake. Moyo ulikuwa umejaa shukrani. Alitaka kumshukuru Mungu, dereva, daktari, hata huyu mwenye kalamu nne angemshukuru. Na safari hii hajambo lingekuwa kweli, au karibu na kweli. Lingetoka bila kufinywa paja.

"Mbaya, baba," alisema.

"Namwona ana nafuu!"

"Baba si daktari."

Bwana Lupogo akaifunua kalamu. "Binti, nitaandika kauli mbili. Nikishaandika hazifutiki. Kikao hakuna. Hifadhi hakuna. Umeelewa?"

Mwavita akamfunika mtoto shuka. Alikuwa ameelewa. Nyuma yake palikuwa na njia aliyoijia, na mwisho wa njia lile ghala lililoungua.

"Andika, baba."

Kalamu ikaandika. Na Nabintu, ambaye alilelewa vizuri na watu waliolelewa vizuri, aliona kuna mtu mzima amesimama miguuni pa kitanda chake na hakuna aliyemwamkia. Akanyanyua mkono mdogo, akakisogeza kinyago pembeni ya mdomo.

"Shika—"

Mama yake akakirudisha kinyago mahali pake, akakibana taratibu kwa kiganja, asiondoe mkono.

"Huyu usimwamkie, mwanangu. Pumua."